Zilobaki

Boksi la kadi Shaame alilificha chini ya meza,
miguuni, penye debe la mafuta ya taa,
asione mtu zimebaki ngapi.
Juu, kwenye msumari, radio nyekundu
ndani ya mfuko wake wa nailoni, haijapata kusema neno.
Kwenye kipande cha boksi, kwa mkono wake, aliandika:
kadi mia mbili na arubaini,
radio moja, biskuti pakiti kumi na mbili,
peremende, na zilizosalia Jaribu Tena.
Shilingi mia, unakwangua.

Utaani nzima ilikwangua. Kwa kucha, kwa kizibo,
kwa ncha ya ufunguo wa kufuli.
Mie nilikaa barazani na daftari la hesabu,
nikiokota kadi zilizotupwa, upepo ukiniibia,
kuku wa Bi Mkasi wakizidonoa kama mtama,
nikaona kwa njia hii sitofika.
Basi nikaacha kuhesabu kadi, nikahesabu biskuti.

Biskuti haifichiki. Anayeipata hupiga kelele,
watoto humzonga, chembe hulambwa vidoleni, mtaa ukajua.
Zikitoka tisa katika kumi na mbili
robo tatu ya boksi imekwenda na maji;
zimebaki sitini, kama si sitini basi hapo hapo,
na radio ingali msumarini.
Moja kwa sitini. Nikangoja.
Ikatoka ya kumi. Moja kwa arubaini. Nikangoja,
nimefunga daftari kama mtu aliyefunga swaumu.

Mwaka ule mikarafuu ilizaa hata matawi yakaomba radhi.
Niliokota mpeta mpaka magoti yakaota sugu,
nikapata elfu mbili na mia mbili,
na siku biskuti ya kumi na moja ilipomwangukia
Asaa mwana wa fundi cherehani,
nikavuka njia, nikamwambia Shaame: "Zote."
"Zote zipi?"
"Zilobaki. Ishirini."
Akainama, akahesabu, akainuka na macho mengine.
"Ishirini na mbili. Nani kakwambia?"

Nilikosea kwa mbili. Sijapata tena kulenga karibu vile.

Jaribu tena. Jaribu tena. Peremende. Jaribu tena.
Vumbi la fedha likanijaa chini ya kucha.
Biskuti ya kumi na mbili, mahala pake. Jaribu tena.
Ya mwisho niliikwangua taratibu, kwa ubavu wa ukucha.
Herufi ya kwanza ilikuwa J.

Nikamwita mwizi, mbele ya watu waliotoka kusali alasiri.
Shaame aliapa, akashika ndevu, akaapa tena;
nani amsadiki, na radio inaning'inia nyuma yake?
Biskuti yangu nikaiacha mezani.
Mwezi haukwisha, kafunga duka, kahamia Konde.

Juzi mama kaniomba nimtafutie cheti cha hospitali
sandukuni, chini ya kanga za arusi.
Kadi. Imekwanguliwa nusu: R, A, D,
kisha fedha tupu, haijaguswa.
"Shaame hakuwa na chenji," kasema, anachagua mchele,
"kanipa hiyo kwa mia yangu.
Mie sikulipa nicheze, nilipwe kwa lipi?"
"Mama, radio!"
"Niliona inavyoanza. Nikaacha."

Zilobaki nilizipatia. Sikumtia kwenye hesabu
mtu anayeshinda akanyamaza.

Nimekwenda Konde. Anauza vocha sasa, miwani imefungwa uzi.
Kaigeuza kadi, kasoma mgongoni:
"Zawadi idaiwe kabla ya Idi."
"Hawakusema Idi ipi," nikajaribu.
Hakucheka. Na maneno niliyokuja nayo
yalikuwa yamenikwama, nimesimama nayo tu.
Akanyoosha mkono kwenye rafu,
akaweka pakiti ya biskuti mezani,
akaisukuma upande wangu.
"Ulisahau," kasema.