Kofia ya Malimi

Sikuwa askari. Nilikuwa nauza dagaa:
magunia arobaini kutoka mwalo wa Kirumba,
nimeyashona mwenyewe kwa sindano ya kamba,
yakapanda lori la Sospeter hadi ng'ambo ya Nimule
kwa watu waliorudi makwao na njaa yao
wakakuta mashamba yamepandwa chuma.

Sheria za njia hazikuandikwa popote.
Poni, mteja wangu wa kwanza, alinipa pale mpakani,
akihesabu kwa vidole vyangu, si vyake:

Lami ni mama, usimwache.
Lami ikiisha, fuata alama za matairi,
za leo, si za jana.
Mvua ikinyesha usiku, asubuhi usijidai unajua;
maji huhamisha.
Kijia kisicho na mavi mabichi ya mbuzi
hata mbuzi wamekikataa.
Jiwe lenye rangi nyekundu, rudi.
Jiwe jeupe, pita, lakini pita kimya.
Na chochote king'aacho nyasini,
hata kifanane na birika la mama yako, si chako.

Na haja ndogo? nikauliza.
Akacheka mpaka akakaa chini. Juu ya lami.
Kisha akanifungua khanga, akaitanda kama pazia,
na mimi, mke wa mtu, mama wa watoto watatu,
nikachutama katikati ya barabara kuu,
malori yamesimama huku na huku,
madereva wakichunguza milima kwa adabu.
Khanga ilisema: NJIA NI YANGU, MACHO NI YENU.

Malimi alikuwa utingo wetu, kijana wa Misungwi,
kichwani kofia ya Pamba aliyopewa na kaka yake.
Upepo wa alasiri uliinyakua, ukaiweka nyasini.
Hatua saba. Tulizihesabu kwa macho.
Malimi akanyanyua mguu mmoja.
Sospeter hakupiga kelele. Alisema tu:
"Mama yako nitamwambia nini, kofia?"
Mguu ukarudi.

Safari iliyofuata tuliiona, imepauka.
Iliyofuata tena, ndege ameweka nyasi ndani.
Malimi akawa anaipungia mkono.

Husemwa tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Mimi nimeona za baadaye:
tembo wametia saini karatasi, wamekwenda zao,
na nyasi zimebaki na meno.

Nimeacha biashara ile. Niko Mabatini,
mji wenyewe mawe juu ya mawe,
na bado kila jiwe nalitazama rangi.
Watu wa barabara walipopiga X nyekundu
kwenye ukuta wa Bi Holo
nilisimama mbele yake muda mrefu, siwezi kupita.
Bi Holo akadhani nalilia nyumba yake.
Akanishika bega. Sikumsahihisha.

Jumapili moja tulikwenda ufukweni Igombe.
Mpira wa Shija ukabingirika hadi kwenye matete,
naye huyo, nyuma yake.
Sauti iliyonitoka sikuijua:
"Simama! Rudi kwa nyayo zako mwenyewe!"
Wenzake wakaangua kicheko.
Shija hakucheka. Alirudi kinyumenyume,
akitafuta kwa kidole gumba kila alama,
akikanyaga pale pale alipokanyaga.
Ana miaka minane.
Sikumbuki kumfundisha.

Matete ya Igombe hayana kitu. Najua.
Yana vyura, yana nyavu mbovu, pengine kenge.
Mpira ulitulia humo, mweupe,
na mtoto akinitazama aone mama atafanya nini.

Nikavua kandambili. Nikaenda.
Ya kwanza, ya pili, kwa vidole vya Poni,
ya tatu, chura akaruka, ya nne,
ya tano sikuivuta pumzi,
ya sita nikasikia baridi ya tope.
Ya saba, mguu ulikaa hewani
mpaka watoto wote wakanyamaza.