Msonyo

Mimi ndiye niliyempima Mishi kabla dunia haijampima.
Kiuno, inchi ishirini na tatu.
Bega hadi kisigino, futi yangu iliisha,
nikamalizia kwa vidole.
Barabara ya Kumi na Nne nzima walimwita Nguzo ya Umeme,
naye akipita aliinama kidogo
kama anayeliomba radhi paa la nyumba.

Kisha wakaja watu wa mitindo, kuinama kukakoma.
Dar, Nairobi, mara Milano.
Kazi yenyewe, alinieleza kwa simu, ni kutosema.
"Da Kidawa, ukicheka, nguo inakufa."
Macho mbele, mdomo umepigwa pindo,
begani hariri ya watu.
Nikamwambia, basi wewe ni henga, ila henga inayokula.
Akacheka sana, huko chumbani,
wasikokuwepo wenye nguo.

Mwaka juzi akatua Seoul kuonyesha makoti,
mtu wa televisheni akamtaka kwa tamthilia:
muuguzi mgeni, haisemwi katoka wapi.
Miezi saba akajifunza kulia.
Mwalimu alimwambia, kumbuka jambo.
Akakumbuka, ati, nilivyomharibia gauni la Idi.
Niombe radhi, au nidai changu?

Sasa tamthilia imefika Ngamiani.
Saa tatu usiku nafunika cherehani,
Bi Mwanasiti, mama yake, anawekewa kiti cha mbele,
sahani ya kachori inazunguka.
Mishi anafungua mdomo:
Kiswahili! Laini, kimepigwa pasi,
cha binti mwingine aliyeketi studio huko Dar
akimshindilia maneno kama sufi kwenye mto.
"Mwili wangu huo," Bi Mwanasiti akasema.
"Sauti wameazima."
Hatukuwa na la kumjibu. Midomo ya Mishi
ilikuwa ikifunga baada ya neno kwisha,
mshono uliopishana na kitambaa.

Usiku wa kumi na moja mama wa mchumba,
yule wa lulu shingoni,
akamsukumia bahasha ya fedha: chukua, umwache mwanangu.
Mishi akaitazama bahasha.
Akamtazama bibi, kuanzia nywele hadi kiatu.
Akasonya.

Mrefu. Wa kwetu. Ule unaoanzia kwenye gego
ukaondoka na heshima ya mtu.
Binti wa studio hakuwa na cha kuufunikia.

Bi Mwanasiti akasimama, kachori ikamdondoka.
"Makofi mangapi nimempiga kwa msonyo huo! Mangapi!"
Analia, anacheka, anatunyamazisha
ausikie tena,
na televisheni imeshakwenda kwenye tangazo la sabuni.

Asubuhi mteja kaniletea kitambaa cha buluu,
anataka koti kama la muuguzi yule.
Nikashika futi, na mkono ukaandika wenyewe
ishirini na tatu.
Nikafuta. Mteja ana thelathini na sita,
na ana haraka.