Mfagizi

Mchana nahesabu vidonge kwenye duka la dawa, Mtaa wa Mindu.
Ijumaa jioni navuka barabara nikakae gizani
na watu arobaini, wakizidi sana hamsini,
kwenye ukumbi wenye feni tatu, moja ndiyo inayozunguka.

Damiani, jirani yangu wa kiti, huja kumtazama mfalme.
Mimi mfalme wa nini? Mfalme keshajulikana,
picha yake iko mlangoni, jina lake kwa wino mwekundu.
Namtazama anayemshikia mwavuli:
anasimamaje mtu asiye na la kusema?
Mikono anaiweka wapi?
Mwenzake akidanganya, shingo yake inasikia?

Nimekosea mara nyingi, nisijisifu.
Kibwana Mshamu, askari wa tatu,
alipiga saluti moja tu, nikaapa:
"Huyu, miaka mitano, tutampangia foleni."
Miaka mitano ikapita. Kibwana anauza marumaru Buguruni.
Nilipomfuata dukani aliligonga moja kwa kucha, akatega sikio,
akanyamaza,
akanitazama kama mtu aliyeletewa habari njema.
Nikanunua maboksi mawili.
Naishi nyumba ya kupanga; sina pa kuyabandika.

Lakini Semeni.
Semeni Likotiko. Jina linaamuru watu waseme,
mwenyewe hakupewa hata neno.
Karatasi ya programu ilimtaja mwisho, chini ya fundi wa taa:
Mfagizi.
Mchezo wenyewe nimeusahau. Kulikuwa na wosia,
ndugu wawili, kikohozi kirefu cha baba.
Yeye alipita nyuma yao akifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Ndipo umeme ukakatika.
Kaka mkubwa akakatika nao, katikati ya neno "shamba".
Hapo huwa tunapiga miluzi, tunawasha simu,
tunaitana majina kama tuko stendi.
Tulikwisha kuanza.
Kisha,
chwaa.
Ufagio wa chelewa juu ya mbao.
Chwaa.
Ukazunguka kiti cha baba, ukajivuta konani,
ukatua kidogo, kama umekuta kitu cha kuokota,
ukaendelea.
Simu zikazimwa moja moja. Damiani akaacha kutafuna karanga.
Nyumba nzima tuliiona kwa masikio:
kitanda kilipo, mlango ulipo,
na vumbi la mtu ambaye hataamka.

Jenereta lilipokohoa na taa kurudi
alikuwa upande wa pili wa jukwaa, amemaliza chumba.
Nikaandika nyuma ya tiketi kwa kalamu ya dukani,
na mkono, kwa mazoea, ukajiandikia:
Semeni. Moja, kutwa mara tatu.

Siku hizi uso wake uko juu ya bango pale Morocco,
jino lake moja kubwa kuliko dirisha langu.
Kiti cha nyuma kabisa kwenye onyesho lake
ni mshahara wangu wa siku nne.
Damiani huwaambia watu, "Sisi ndio tuliomwona kwanza."
Sisi!

Mwezi wa tatu aliingia dukani, mtandio hadi kidevuni,
anataka dawa ya koo.
Nikampa. Nikamrudishia chenji. Nikashindwa kujizuia,
nikamweleza lile giza, ule ufagio, karanga za Damiani.
Alicheka mpaka koo likamuuma.
"Umeme ulikatika? Siku ile?
Mimi nilikuwa nimefumba macho.
Niliwaogopa nyinyi.
Nilijiambia, nikigusa ukuta ndipo nitafumbua."

Akaondoka. Nikabaki na vidonge kiganjani, hesabu imenipotea,
mgonjwa mbele yangu ananitazama.

Tiketi bado ninayo, ndani ya daftari la madeni.
Ijumaa iliyopita nilikwenda tena.
Damiani akaninong'oneza kama kawaida:
leo tumtazame nani?
Nikamwambia angoje,
nikafumba macho.