Maswali Kabla ya Kamba

Usinionyeshe pochi kwanza.
Keti. Hilo benchi lina mguu mmoja mfupi, livumilie.
Nyumba yako ina ukuta, au ua wa michongoma?
Geti linafungwa na nani?
Mchana kutwa mkiwa kazini
mbwa atabaki na nani wa kumwita jina?

Wanakuja kutoka Shanti Tauni na magari yaliyooshwa,
wanakuja kutoka Kiboriloni kwa bodaboda
na boksi la sabuni lililotobolewa matundu.
Hao wa boksi nawapenda zaidi:
tundu ni alama ya mtu aliyefikiri njiani.
Ila wote wanataka mkali.
"Mama Ndeshi, nichagulie yule mkali."
Mkali hazaliwi, nawaambia. Mkali hupikwa
kwa mnyororo mfupi nyuma ya jiko,
kwa ukoko, kwa miaka miwili.

Kuna mmoja alilipa bila kuomba punguzo.
Sikumwuliza kitu.
Miezi saba baadaye nilikwenda Pasua kununua pumba,
nikaona masikio ninayoyajua,
moja limesimama, moja limelala,
kando ya ghala, shingoni waya wa umeme.
Alinitambua kabla sijamtambua.
Sisemi zaidi.
Tangu siku hiyo nina daftari.

Wanunuzi wana kurasa mbili tu.
Zilizobaki ni za mbwa wenyewe.
Waziri, kwa mfano:
mgongo kama ubao uliopigwa randa,
watu walisimamisha baiskeli ili wamtazame.
Nilimpeleka apigwe picha ya nyonga.
Daktari Kileo akaiinua ile filamu dirishani,
na mlima ukapita katikati ya mifupa ya mbwa wangu,
theluji kidogo juu ya paja.
"Hapa," akagusa kwa ncha ya kalamu,
"kikombe hakina kina. Mfupa haukai."
Jioni Temu akaniita ng'ambo ya uzio.
Ana jike. Ana laki tano mkononi.
"Nani atajua?"
Watajua watoto wake Waziri, nikamjibu,
siku watakayoshindwa kupanda ngazi.

Waziri sasa analinda kuku.
Hajui kama amestaafishwa.

Jana alikuja muuguzi, Nakiete, mtu wa Same,
viatu vyake vyeupe bado vina harufu ya wodi.
Alijibu bila kutafuta maneno.
Zamu ya usiku? Mbwa atalala kwa bibi,
bibi hasikii vizuri, atasikiliziwa.
Mafuta ya kupe? Alijua bei yake kuliko mimi.
Nikafika swali la mwisho, lile linalowakimbiza wengi:
mbwa huyu anaweza kuishi miaka kumi na mitatu.
Ukitangulia wewe?
Akaandika jina la dada yake, na namba ya simu.

Kisha akamtazama yule mdogo
aliyelala juu ya kandambili yangu.
"Na huyu?"
Huyu siuzi. Huyu wangu.
"Una miaka mingapi, mama?"
Sabini na mmoja.
Hakucheka. Aliligeuza daftari polepole
likanielekea mimi,
akaiweka kalamu juu ya mstari ule ule.

Niliandika jina la mwanangu wa Mwanza,
nikalifuta; hajapiga simu tangu Pasaka.
Niliandika Temu. Nililifuta hilo
mpaka karatasi ikatoboka.
Kuku waliingia bandani mmoja mmoja,
Waziri nyuma yao akichechemea kidogo,
na sisi wawili tukanyamaza
kama watu waliosikia mlango ukibishwa.

Alimbeba wake kifuani, ndani ya sweta.
Pale kwenye daftari pana tundu,
na kupitia tundu hilo nasoma ukurasa wa chini:
tarehe za chanjo, uzito, chanjo.

Jumamosi nitakwenda kwake.
Nina jambo la kumwomba.
Ila kwanza nitalisukuma lile geti
kwa mkono wangu mwenyewe,
nione kama linafunga.