Mchaniko wa Tatu

Mara ya kwanza nilishona tu.
Bega la kushoto, koti jeupe la shule,
mkono umeng'oka kama mlango kwenye bawaba.
Nikakata uzi kwa meno, nikapokea sarafu mbili,
nikasema, "Msalimie mama."
Oruro ilikuwa na ile baridi ya Juni
inayofanya hata mkasi uume vidole,
na mapazia ya hoteli yalikuwa yakinisubiri.

Mara ya pili, bega lile lile.
"Nilinasa kwenye msumari," alisema Eliseo,
akiitazama cherehani, si mimi.
Miaka thelathini na mmoja nimekaa nyuma ya cherehani hii.
Msumari huchana kwa ukucha mmoja,
mstari mwembamba unaokimbia na uzi.
Hapa palikamatwa kwa kiganja kizima, pakavutwa juu,
na ndani ya kitambaa mlikuwa na mtu.
Nilijua.
Nikashona.
Liandikeni hilo pia, ninyi mnaoniita jasiri.

Usiku nilijiambia: ya chumbani hayaanikwi kambani.
Nikajiambia: baba yake anashuka mgodini,
kifua kimemjaa vumbi, mtu aliyechoka hushika vibaya.
Maneno hayo nayo ni uzi.
Nimeshonea mengi.

Mara ya tatu ilikuwa kola,
na kwenye kola, tone.
Si chai.

Nilizima mashine. Duka likawa kubwa ghafla.
Sikuuliza nani.
Nilimpa kiti, mkate, na kikombe cha api ya moto,
uji wetu wa mahindi ya zambarau,
nikasema: "Nguo imeniambia kidogo.
Wewe si lazima uniambie kitu.
Ukisema, nitakuamini.
Ila sitakuahidi siri,
maana nitakwenda kutafuta watu wa kukulinda."

Akapuliza kikombe mpaka api ikapoa.
Kisha, kana kwamba anasoma bei ya vifungo:
"Mdogo wangu hujificha ndani ya pipa la nguo.
Mimi sitoshei tena."

Ofisi ya manispaa ya kutetea watoto iko ghorofa ya pili,
ngazi zinanuka rangi.
Bi Zenobia Mamani alichonga penseli, akauliza tarehe.
Nilikuwa nazo. Daftari la wateja:
tarehe nne Juni, bega. Kumi na tisa Juni, bega.
Mbili Julai, kola, haijashonwa.
Sikuwahi kudhani mwandiko wangu mbaya
ungesomwa polepole namna ile.

Felipa, mama yao, alikuja kabla ya giza,
akaupiga mlango wangu kwa ngumi zote mbili.
"Umenibomolea nyumba!"
Sikuwa na jibu. Nilisimama na sindano mdomoni kama mjinga.
Ndipo shali ilipomteleza,
nikaona blauzi yake: bega la kushoto,
mishono ya mkono, mikubwa, ya haraka,
uzi wa kijani juu ya kitambaa cheupe.
Alikuwa akijishonea mwenyewe, gizani.
Nikavuta kiti cha pili.

Sasa wanakaa kwa shangazi, upande wa reli.
Alhamisi huenda kwa mshauri:
watoto chumba chenye udongo wa kufinyanga,
mama chumba chake, na muda wake wa kulia au kutolia.
Jirani zangu wawili wameacha kunisalimu.
Habari za baba zinapishana,
na mimi siziulizi sokoni.

Septemba, Eliseo aliingia na mfuko unaning'inia.
"Gololi," akasema.
"Ngapi?"
"Arobaini na tatu."
"Mfuko gani duniani utabeba gololi arobaini na tatu?"
Akacheka. Nami nikacheka, nikashika pasi,
na pasi ikatoa mvuke kwa sauti,
naye alikuwa mlangoni kabla mvuke haujaisha,
mkono mmoja juu ya kichwa.

Nikachomoa waya.
Nikasubiri.
Alirudi taratibu, akaokota gololi zilizotawanyika,
akazihesabu upya,
na mfuko ule niliushona kwa uzi maradufu.