Kikohozi cha Sekunde ya Arobaini

Simu niliifunga kwa raba kwenye mpini wa ufagio,
ufagio nikauegemeza kwenye kabati la chaki,
ikawa inatazama chini, mikono yangu tu,
bila uso. Uso una maneno mengi,
na Muthengi hapendi kusoma mawili kwa mpigo.

Maji, kikombe kimoja na nusu.
Washa meko. Sufuria ile yenye kovu.
Paketi ya maziwa: kata pembe, si katikati.
Nikanyamaza, mikono ikaendelea kusema.

Kwenye sekunde ya arobaini nilikohoa.
Vumbi la Umoja, barabara inachimbwa tena.
Nilitaka kurekodi upya, lakini stima zikapotea
na maziwa yalikuwa ya mwisho.
Nikaiacha hivyo hivyo.

Wiki tatu aliitazama.
Alisimamisha pale povu linapopanda,
kabla halijamwagika,
akacheka peke yake, kama aliyeonyeshwa siri.
Kengele ililia, akaziba masikio,
kisha akarudisha nyuma. Povu likapanda.

Kusema kweli, Alhamisi moja nilikata tamaa.
Nilimwambia Bi. Kerubo ofisini:
huyu kapenda povu, chai hataijua.

Jumatatu mama yake alinisubiri langoni,
bado na sare ya ulinzi, kofia mkononi.
"Jana nimetoka lindo alfajiri
nikamkuta jikoni, kiberiti kidoleni.
Nilitaka kumpokonya. Mguu ukakataa.
Kikombe kimoja na nusu. Pembe ya paketi.
Halafu akasimama wima, akakohoa.
Nikakimbilia sweta.
Kumbe hana kifua wala homa!
Akaendelea, kama mtu aliyemaliza dua fupi."

Nilificha uso kwenye daftari la mahudhurio,
nikacheka hadi kalamu ikaanguka.

"Sijamaliza," akasema.
"Alimimina vikombe viwili."

Nilikuwa nimesahau.
Siku ile Bi. Kerubo alipita mlangoni,
nikamsogezea chai, mkono wangu ukatoka nje ya picha
ukarudi mtupu.

"Hakuniangalia," mama akasema.
"Alikisukuma tu, polepole, hadi ukingoni mwa meza,
hadi kikagusa kidole changu.
Miaka kumi na mmoja, mwalimu."

Sikujua la kusema, nikauliza kama ilikuwa na sukari.

Haikuwa nayo.
Sukari nilisahau kuirekodi.

"Niliinywa yote," akasema,
akavaa kofia yake, akavuka mtaro.