Kwa Sanduku Langu, Popote Lilipo

Wamesema uko Doha. Jana walisema Oslo.
Msichana wa simu, sauti tamu kama ya mtu anayetaka kukukopa,
ameniomba nikueleze: rangi, umri, alama.
Nikasema bluu, zipu moja imekufa,
limefungwa kamba ya katani kiunoni
kama mwanamke aliyejifunga kibwebwe.
Akaandika: bluu.

Basi ndiyo hali. Mimi nimefika York, wewe hukufika.
Nimefika na pochi, tasbihi na soksi za kupewa ndegeni.
Mkono mtupu haulambwi, nawe wajua.
Shebe kanikumbatia huku macho yake
yanatafuta nyuma yangu, chini,
pale magurudumu yako yangekuwa.
Miaka thelathini na mmoja hakuomba kitu.
Safari hii aliomba kimoja: mbuzi ya mama.
Ile ya mvule, meno yamelika upande wa kushoto
kwa sababu mama alikuna nazi kwa hasira.

Huenda meno hayo ndiyo yaliyokuponza.
Namwona afisa wa mizigo, glavu mikononi,
anaikunjua guu kwa guu, anaita wenzake:
silaha gani hii, ya kukaliwa?

Shebe yuko kazini, anaosha mabehewa mpaka saa tisa.
Nimevaa koti lake. Mikono yake inanimeza viganja.
Nimetoka.

Sanduku, mji huu una kichaa chake.
Njia wanaiita geti.
Geti wanaliita baa.
Mzee mmoja mwenye mbwa alinielekeza
nipite ndani ya baa, nishike geti mpaka mwisho,
nami, binti wa Maalim Mshihiri, nikasimama pale,
kijasho chembamba katikati ya Novemba,
natafuta pa kuzungukia.
Kumbe baa ni lango la mawe tu,
halina hata kiti.

Kuna mtaa wa wachinjaji wa zamani,
nyumba zimeinamiana huko juu kama majirani wanaosengenya.
Vyango vya nyama vingalipo. Nyama hakuna,
wanauza peremende na sabuni.
Penye mto nimesoma ukutani alama za mafuriko,
mwaka juu ya mwaka,
kama mama alivyotupima urefu kwenye fremu ya mlango.
Mwaka mmoja umenipita kichwa.
Kwenye kanisa kubwa wanatoza kiingilio, nikabaki nje
namtazama kijana anachonga jiwe jipya
la kukaa mahali pa jiwe lililochoka.
Vumbi lake jeupe kama unga wa muhogo. Nikapiga chafya,
akaniombea heri kwa Mungu wake bila kugeuka.

Baridi ikanipeleka mfukoni.
Mkono ukakuta karatasi, imekunjwa hadi imelainika kama kitambaa:
nambari za simu za Tanga, mwandiko wa Shebe.
Watu kumi na watatu. Nimehesabu walio hai: wanne.
Mama ni wa pili. Hajakatwa.
Nikairudisha, mkunjo uleule.

Leo, siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu.
Dereva. Amekubeba, na amepotea.
Ametoka Bradford, anasema, na mashine yake ya ramani
inamwambia aingie mtoni.
Unaona nini, nikamwuliza.
Ukuta, akasema. Kila nikigeuka, ukuta.

Nikasimama dirishani na koti la kaka,
mie mgeni wa siku tatu,
nikamwambia kwa Kiingereza cha darasa la saba:
Pita ndani ya baa, baba, usiogope.
Ukishapita, shika geti.
Nitakuona.

Sanduku, kaa vizuri humo garini.
Nazi nimeshanunua.
Ni ndogo, na bei yake siisemi,
lakini nikiitikisa inajibu.